Kuchagua mfumo endeshi wa seva ya nyumbani: mwongozo kwa anayeanza

Haipiti wiki sijaulizwa: "Shikamoo shangazi, nina kompyuta kuukuu nyumbani, nataka niifanye seva. Niweke mfumo gani?" Wanaouliza wako Makorora, Chumbageni, Mikanjuni, na kila mmoja namjibu kipande kwa sauti za WhatsApp. Seva ni kompyuta inayowaka muda wote ikihifadhi faili na kuzigawia vifaa vingine vya nyumba, na mfumo endeshi ni programu kuu inayoiendesha, kama Windows. Nimeona niandike lote mahali pamoja, hapa hapa Tanga, kwa mashine tunazonunua sisi na umeme tunaotumia sisi.

Mwenye haraka achukue jibu hili: ukiwa na kompyuta moja ya mtumba, diski moja, na hujawahi kuendesha seva, weka mfumo wa Debian bila mazingira ya dirisha, yaani bila picha za kubofya, amri za kuandika tu. Mwenye diski mbili asiyependa kuandika amri, aweke OpenMediaVault. Maelezo mengine yote ni ya kukusaidia kujua kama wewe ni mmoja wa hao wawili.

Niseme kwanza kwa nini nalisisitiza jambo hili. Mtoto wa kaka yangu alikuja kwangu Raskazone na mashine yake kaifunga kwenye kanga, nyuma ya bodaboda. "Shangazi, wiki hii nimeshabadilisha mifumo minne." Kila video aliyoangalia ilisifu mfumo wake, naye akaufuata. Mara ya nne, kisakinishi, programu inayoweka mfumo, kilipomuuliza kiandike kwenye diski ipi, skrini ilikuwa na mistari miwili: sda na sdb, majina ya diski zake mbili. Akachagua wa kwanza. Wa kwanza ulikuwa diski ya nje yenye picha za harusi ya dada yake, nazo hazikuwa na nakala popote. Tulikaa na ile diski siku tatu. Picha tulizopata nyingi zilikuwa zimekatika katikati: bibi harusi uso upo na piko mkononi inaonekana, kuanzia kiunoni kwenda chini ni kijivu kitupu.

Kwa hiyo kuna hatua humu utaziona za polepole. Usiziruke.

Kabla hujaanza, kusanya hivi

- Kompyuta ya biti 64 yenye RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4 au zaidi. Laptopu ya zamani inafaa sana, kwa sababu betri yake, hata ikibaki ya nusu saa, inakukinga umeme ukikatika. Ikague kwanza, ikiwa imevimba, itoe na usiirudishe.
- Fleshi ya GB 8, tupu.
- Diski ya nje ya kuwekea nakala za picha na nyaraka zako.
- Kebo ya mtandao ya kutoka kwenye ruta hadi kwenye mashine. Wi-Fi iache siku ya kwanza.
- Bando. Faili dogo la Debian halifiki GB 1, ingawa litapakua mengine kidogo wakati wa kusakinisha. La Ubuntu Server linakaribia GB 3.
- Skrini na kibodi, vya kuazima vinatosha. Baada ya siku ya kwanza hutavihitaji.
- Daftari na kalamu. Andika kila nywila na kila anwani. Simu usiitegemee kwa hili.

Piga pia hesabu ya Luku. Kompyuta ya mezani inayokula wati 60 usiku na mchana inamaliza uniti 43 kwa mwezi. Laptopu ya wati 15 inamaliza kama 11. Ndiyo sababu nyingine ya mimi kupenda laptopu.

Hatua

1. Andika kazi za seva kwenye daftari.

Usianze na jina la mfumo, anza na kazi. Watu wengi hapa wanataka mambo matatu: picha za simu zihifadhiwe nyumbani, filamu na mawaidha yaangaliwe kwenye runinga bila kula bando, na faili za kazi zifikiwe na kompyuta zote za nyumba. Kuna na la nne ambalo wachache wanalijua na mimi nalipigia debe: Kiwix, programu inayohifadhi Wikipedia nzima kwenye diski, watoto wakaisoma intaneti ikiwa imezimwa. Kazi zote hizo nne ni nyepesi. Ukiandika "nataka kujifunza mashine pepe" (kompyuta za kuigiza ndani ya kompyuta moja) au "nataka kuendesha mifumo mitatu kwa pamoja", hiyo ni kazi nzito, na jibu lako litabadilika kwenye hatua ya 3.

2. Ijue mashine yako.

Kama bado ina Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua sehemu ya Performance, uandike RAM, aina ya prosesa na idadi ya diski. Kisha pima afya ya diski kwa programu ya bure ya CrystalDiskInfo. Ikikuandikia Caution au Bad, diski hiyo usiipe picha za mama yako. Nunua nyingine kwanza, mfumo utasubiri.

Mashine za biti 32 bado zinauzwa kwa bei ya kuvutia. Ziache. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha biti 32, na mifumo mingine mingi iliacha zamani.

3. Oanisha kazi na mfumo.

Debian ndiyo ninayoweka mimi. Ni ya bure, ilianzishwa mwaka 1993, na haina haraka: toleo jipya hutoka kama kila miaka miwili, na katikati unapata marekebisho ya usalama tu, madogo, ambayo bando la kawaida linayabeba. Inaridhika na RAM ndogo. Inafanya kazi vizuri kwenye diski moja, mfumo na faili zako vikikaa pamoja, na hilo kwa mwenye laptopu ni jambo kubwa. Tangu toleo la 12 la mwaka 2023, faili lake la kusakinishia linakuja na viendeshi vya kadi za Wi-Fi na mtandao ambavyo zamani ulivitafuta mwenyewe huku mashine haina mtandao. Ugumu wake ni kwamba utaandika amri. Siyo nyingi, kwa kazi nyepesi ni kama ishirini hivi, nazo utazizoea.

Ubuntu Server imejengwa juu ya Debian, na amri ni zilezile karibu zote. Jina lenyewe ni ndugu wa neno letu "utu", limetoka lugha za Kinguni za kusini. Ichague ukipenda kufuata maelekezo ya mtandaoni bila kubadilisha kitu, maana mengi yameandikwa kwa ajili yake. Chukua toleo lenye alama ya LTS tu, yaani la msaada wa muda mrefu. Kwenye bando angalia snap, njia ya Ubuntu ya kusakinisha programu: ukiisakinisha programu kwa njia hiyo, hujisasisha yenyewe bila kukuuliza, na faili zake si ndogo.

OpenMediaVault nayo ni Debian chini, juu imewekewa ukurasa wa kubofya unaoufungua kwenye kivinjari cha simu au kompyuta nyingine. Ni nzuri kwa mwenye duka au mwalimu ambaye anataka folda za pamoja na hataki kuingia ndani. Lakini inataka diski yake ya mfumo, na faili zako zikae diski nyingine. Mwenye diski moja asihangaike nayo.

TrueNAS, mfumo wa seva za kuhifadhi faili, ina sifa kubwa, na inazistahili kwa wenye vifaa vyake. Inatumia ZFS, namna ya kupanga faili kwenye diski, ambayo inakagua kila kipande cha faili na kugundua kilichoharibika. Inataka RAM ya GB 8 kwa uchache, diski ya mfumo peke yake, na angalau diski mbili za faili ili ugunduzi huo uwe na mahali pa kurekebishia. Diski hizo ziwe ndani ya mashine. Diski za kuning'inia kwenye USB haziifai. Ukiwa na laptopu ya GB 4, pita.

Proxmox ni ya yule aliyeandika kazi nzito kwenye hatua ya 1. Nayo imejengwa juu ya Debian, na kazi yake ni kuendesha mashine pepe na kontena (programu zilizotengwa kila moja na chumba chake). Isiwe chini ya GB 8 za RAM, na kwa raha iwe 16. Inataka kebo, Wi-Fi haiendi vizuri na mtandao wa mashine pepe. Ukiisakinisha, utakuta masasisho yanagoma kwa kosa la 401, kwa sababu inaelekea hazina (ghala la programu mtandaoni) ya wateja wanaolipa. Badilisha iende kwenye hazina ya no-subscription, itatulia.

Windows 10 wengi wananiambia wanaijua tayari. Msaada wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa za karibuni, vitu ambavyo mashine nyingi za mtumba hazina. Mashine inayowaka usiku na mchana kwenye mtandao wa nyumba bila marekebisho ya usalama siwezi kumshauri mtu.

Wa Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya ubao mmoja: weka Raspberry Pi OS Lite, na mfumo ukae kwenye SSD, diski isiyo na kinachozunguka ndani. Kadi ndogo za kumbukumbu zinakufa mapema umeme ukikatika mara kwa mara.

4. Angalia utaishi nao hadi lini.

Mji wetu una msemo, waja leo waondoka leo. Mgeni ni sawa, mfumo wa seva usiwe hivyo. Mfumo wa seva wa CentOS 8 ulitoka mwaka 2019, watu wakaujengea kazi wakitegemea ungefika 2029; Desemba 2020 ikatangazwa kwamba mwisho wake ni tarehe 31 Desemba 2021. Debian inakupa miaka mitatu ya msaada kamili na miwili ya msaada mrefu juu yake. Ubuntu LTS inakupa mitano, na kwa mtu binafsi unaweza kuiongeza bure kwa huduma ya Ubuntu Pro hadi mashine tano. Mfumo mdogo uliosifiwa kwenye video moja, unaotunzwa na mtu mmoja, usiupe nyaraka za nyumba yako.

5. Pakua kutoka tovuti ya mfumo wenyewe, kisha hakiki.

Mtandao ukikatika katikati, faili linaweza kuharibika bila kukuambia. Ukiwa kwenye Windows, fungua dirisha la amri uandike:

certutil -hashfile debian.iso SHA256

Weka jina halisi la faili ulilopakua. Linganisha namba ndefu inayotoka na ile ya tovuti, herufi chache za mwanzo na za mwisho. Zikipishana, pakua upya.

6. Andika kwenye fleshi kwa Rufus au balenaEtcher.

Kunakili faili la ISO, lile la mfumo ulilopakua, kwenye fleshi kama unavyonakili wimbo hakutoshi, mashine haitaliona. Fleshi itafutwa yote, hakikisha haina kitu.

7. Sakinisha.

Onyo, na hili ndilo lililoniandikisha: kabla hujawasha mashine, chomoa kila diski isiyohusika. Diski za nje, fleshi nyingine, hata kadi ya kamera. Kama ndani kuna diski mbili na moja ina faili zako, fungua kifuniko uchomoe waya wake. Dakika tano hizo ndizo zingeokoa harusi nzima.

Kwenye Debian kuna sehemu tatu zinazowatatiza watu:

Nchi. Ukichagua Kiingereza, Tanzania haimo kwenye orodha fupi. Chagua other, kisha Africa, utaikuta. Saa itakaa sawa yenyewe.

Nywila ya root, yaani msimamizi mkuu wa mashine. Iache wazi, endelea. Ukiiacha wazi, mtumiaji wako wa kwanza anapewa sudo, amri ya kufanya kazi za msimamizi. Ukiijaza, hatapewa, na kesho utaniuliza kwa nini sudo haipo.

Orodha ya programu. Ondoa alama kwenye desktop environment na GNOME. Weka alama kwenye SSH server, inayokuwezesha kuingia kwenye seva kutoka kompyuta nyingine, na standard system utilities iache na alama yake. Mazingira ya dirisha yanakula RAM na bando kwa kitu ambacho hutakiangalia.

8. Ipe anwani isiyobadilika, kisha uiache ikae pembeni.

Ingia kwenye ruta, tafuta orodha ya vifaa vilivyounganishwa, uifungie seva anwani moja, tuseme 192.168.1.50. Andika kwenye daftari. Sasa rudisha skrini uliyoazima, kaa na kompyuta yako ya kawaida uandike hivi, mahali pa "jina" ukiweka jina la mtumiaji ulilochagua wakati wa kusakinisha:

ssh jina@192.168.1.50

Ukishaingia, sasisha mfumo kwa apt, programu yake ya kusakinisha na kusasisha:

sudo apt update
sudo apt upgrade

Kabla ya kupakua, itakuonyesha ukubwa wa mzigo na kukuuliza. Usome, ulinganishe na bando, ndipo ujibu Y.

Kama ni laptopu, fungua faili la /etc/systemd/logind.conf, weka mstari HandleLidSwitch=ignore bila alama ya # mbele yake, uwashe upya. Bila hivyo ukifunga kifuniko seva inalala.

Mahali pa kuiweka napo pana maana. Sisi tulio karibu na bahari tuna chumvi hewani, na nimefungua mashine za Raskazone na Sahare zenye kutu kwenye soketi za RAM wakati zina miaka miwili tu. Iweke mbali na dirisha la upande wa bahari, juu ya sakafu, mahali penye hewa.

9. Kata umeme kwa makusudi.

Hii hatua sijaiona kwenye maelekezo mengine, na kwangu ni ya lazima. Kabla hujaweka picha hata moja, seva ikiwa inawaka, zima swichi ya ukutani. Subiri dakika moja, washa. Je, imewaka yenyewe? Je, umeweza kuingia kwa ssh bila kuigusa? Kama imebaki kimya, ingia kwenye BIOS, mipangilio ya msingi ya mashine inayofunguliwa wakati wa kuwasha, tafuta mpangilio wa AC Recovery au After Power Loss, uweke Power On. Rudia mara tatu. Kwa laptopu, acha chaja imechomolewa uone betri inadumu kwa muda gani, uandike.

Masika yanapoanza utajua kwa nini nilikusumbua.

10. Weka faili zako, na nakala yake mahali pengine.

Sakinisha Samba kwa folda za pamoja, Jellyfin kwa filamu. Kila wiki nakili picha kwenye ile diski ya nje, uichomoe, uihifadhi kabatini. Kuwa na diski mbili zinazofanana ndani ya mashine hakuhesabiki kama nakala. Ukifuta faili, linafutika kwenye zote mbili.

Ukitaka kuifikia seva ukiwa safarini, tumia Tailscale, programu inayounganisha vifaa vyako kwa njia ya faragha, inapita hata kwenye ruta za laini ya simu. Usifungue milango ya ruta (ports) kwa sababu video imesema.

Usibadilishe mfumo kabla ya mwezi mmoja. Ukiona kasoro, iandike kwenye daftari. Mwezi ukiisha, soma ulichoandika. Mara nyingi kasoro ni ya programu moja, mfumo hauna kosa.

Mambo yakikwama

Fleshi haionekani. Wakati wa kuwasha gonga F12 kwa Dell na Lenovo, F9 kwa HP, uichague mwenyewe. Ikikataa bado, iandike upya kwa Rufus na uchague njia ya DD ikikuuliza.

Inasema sudo: command not found. Uliijaza nywila ya root. Andika su - na kistari chake, weka nywila hiyo, kisha apt install sudo, halafu usermod -aG sudo jina. Toka, ingia tena.

Umeme umerudi, skrini imesimama kwenye neno initramfs. Hii inawatisha watu, wanafomati. Usifomati. Soma mistari ya juu yake. Utaona jina la sehemu ya diski yenye hitilafu, mfano /dev/sda2. Andika fsck -y /dev/sda2, subiri imalize, kisha exit. Mara nyingi inawaka kama kawaida. Ikirudia wiki hiyo hiyo, diski inachoka. Nakili faili siku hiyo hiyo.

apt inalalamika kwamba Release file is not valid yet. Saa ya mashine imerudi nyuma. Betri ndogo ya duara kwenye ubao, CR2032, imekwisha. Ni ileile ya mizani na rimoti za gari, nunua mpya uibadilishe mashine ikiwa imezimwa na waya umechomolewa.

ssh inasema connection refused au inakaa kimya. Kimya ni anwani: angalia ruta kama bado ni ile ya kwenye daftari. Refused ni kwamba mashine ipo lakini hukuweka alama kwenye SSH server. Chomeka tena skrini na kibodi kwenye seva, andika sudo apt install openssh-server.

Diski imejaa ghafla. Andika df -h uone ipi. Kisha sudo apt clean, na sudo journalctl --vacuum-size=200M.

Ukikwama kwenye kitu ambacho hakimo humu, unapouliza niletee vitu vinne: jina la mfumo na toleo lake, aina ya mashine na RAM, amri uliyoandika, na picha ya skrini nzima yenye maandishi ya kosa. Picha ipigwe kwa ukaribu, isomeke. Kila mara huwa naanza kuuliza hivyo vinne, na ukivileta mwenyewe tunaokoa jioni nzima.